Shekhar Mehta: Mtoto wa Kampala aliyetuonyesha gari la spoti la kweli ni lipi

KAMBOVE, Haut-Katanga. Mji wetu unayajua magari kwa kazi zake. Malori hupita na mawe ya shaba na kobalti, pikipiki hupita na abiria wawili na gunia la unga, na teksi za Kijapani zilizokwisha kuzeeka huenda Likasi na kurudi hadi usiku. Wakati wa kiangazi vumbi jekundu la barabara za migodini huingia kwenye kichujio cha hewa, kwenye breki na kwenye macho ya watu. Mvua zikianza, vumbi hilo hilo hugeuka matope yanayong'ang'ania tairi mpaka lishindwe kuzunguka.

Hata hivyo, vijana wanaokaa kwenye gereji wakisubiri kazi hubishana juu ya magari ambayo hayajawahi kukanyaga barabara hizo. Simu hupita mkono kwa mkono, picha ya Ferrari hufuatwa na picha ya Porsche, na swali huwa lile lile: gari la spoti la kweli ni lipi? Mmoja hushikilia kwamba lazima liwe na milango miwili. Mwingine hataki kusikia habari ya gari lenye nguvu za farasi chini ya mia tano. Wa tatu huuliza bei kwanza, kisha ndipo atoe hukumu.

Katika ubishi huo ni nadra kusikia jina la Shekhar Mehta. Si ajabu. Alifariki Aprili 2006, na wengi wa wabishi hao walikuwa watoto wadogo au hawajazaliwa. Lakini kuna wakati jina lake lilitajwa redioni kila Pasaka, kutoka Kampala hadi Mombasa, na watu walisimama kando ya barabara usiku kucha ili wamwone akipita kwa sekunde tatu. Mtu huyu alishinda mbio ngumu kuliko zote za Afrika Mashariki, Safari Rally, mara tano. Mara moja alishinda kwa gari ambalo kila mtu huliita la spoti. Mara nne alishinda kwa gari ambalo baba wa watoto wanne angeweza kulinunua bila jirani kugeuza shingo.

Ndani ya hesabu hiyo, moja kwa nne, kuna jibu la swali la gereji zetu.

Mtoto wa Kampala

Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 nchini Uganda, katika familia tajiri yenye asili ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa. Uganda ya utoto wake ilikuwa bado chini ya Waingereza, na Wahindi walikuwa wameshika sehemu kubwa ya biashara, kuanzia maduka ya vijijini hadi viwanda. Kwa kijana wa familia kama yake njia ilikuwa imechorwa tayari: shule, kisha hesabu za kampuni, kisha kiti cha mzee.

Yeye alivutwa na usukani. Mwaka 1966, akiwa na miaka 21, alianza kushindana katika mbio za magari akiendesha BMW. Hapo mwanzo hakuwa tofauti sana na vijana wengine wenye uwezo waliopenda kasi. Tofauti ilikuja kuonekana polepole, kwa sababu mbio alizozichagua hazikuwa za kuzunguka uwanja wa lami wenye kuta na watazamaji. Zilikuwa za barabara zetu, kama zilivyo.

Safari Rally ilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, ikisherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza. Njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Waanzilishi walitaka magari ya kawaida, yale yaliyouzwa madukani, na katika miaka ya mwanzo waliyagawa katika makundi kufuata bei yake ya dukani. Kwa maneno mengine, swali lao lilikuwa swali la mnunuzi: kwa fedha zangu, ni gari gani litanifikisha?

Kufika kwenyewe kulikuwa kazi. Mbio ziliendeshwa siku kadhaa, mchana na usiku, zikikata maelfu ya kilomita. Barabara hazikufungwa kwa ajili ya mashindano. Dereva wa Safari aliweza kupinda kona akakuta basi, punda, au kundi la ng'ombe na mchungaji wake. Kwa kuwa Pasaka huangukia msimu wa mvua za masika, njia iliyokuwa kavu asubuhi iliweza kuwa mto jioni. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 ikawa saba tena.

Katika mbio za namna hiyo mshindi hakuwa lazima mwenye kasi kuliko wote. Kila kituo kilikuwa na muda wake uliopangwa, na aliyechelewa alipewa pointi za adhabu. Mwenye adhabu chache kuliko wote ndiye aliyeshinda. Dereva aliyekimbia kama mwendawazimu kwa saa tano kisha akavunja springi na kulala porini saa tatu alikuwa ameshindwa na mwenzake aliyekwenda kwa hesabu.

Gari lililotimiza masharti yote

Mwaka 1969 kampuni ya Nissan ya Japani ilitoa gari jipya lililouzwa nje ya nchi hiyo kwa jina la Datsun 240Z. Wajapani wenyewe waliliita Fairlady Z. Hapa ndipo inafaa tusimame kidogo, kwa sababu gari hili lilikuwa na karibu kila kitu ambacho wabishi wa gereji hukitaja, pamoja na vingine wasivyovitaja.

Lilikuwa na milango miwili na viti viwili. Pua yake ilikuwa ndefu na paa lake limeinama kuelekea nyuma. Injini yake ya lita 2.4 ilikuwa na silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ikitoa nguvu za farasi zipatazo 150, na gari zima lilikuwa na uzito unaozidi tani moja kwa kiasi kidogo tu. Marekani liliuzwa kwa takriban dola 3,500, wakati magari ya Ulaya yaliyolingana nalo kwa mwendo yaliuzwa ghali zaidi.

Sasa tuangalie chini ya bodi. Dereva aliketi chini, karibu na usawa wa magurudumu ya nyuma, kwa hiyo gari halikulala sana ubavuni likikata kona. Nguvu ya injini ilipelekwa nyuma, na magurudumu ya mbele yakabaki na kazi moja ya kuelekeza. Kila gurudumu lilikuwa na springi na shokamzoba zake, hata yale ya nyuma; moja likiingia shimoni, lenzake halikulazimika kurushwa. Na kwa kuwa uzito ulikuwa mdogo, breki, tairi na injini vyote vilikuwa na mzigo mdogo wa kubeba.

Hivyo ndivyo mafundi wanavyolifahamu gari la spoti. Nguvu ni sehemu moja tu ya hesabu, kwa sababu nguvu hugawanywa kwa uzito. Farasi 150 wanaovuta tani moja wako hai kuliko farasi 200 wanaovuta tani mbili. Juu ya hayo, lazima gari lizungumze na dereva: usukani umwambie tairi linashika au linateleza, kiti kimwambie sehemu ya nyuma inaanza kutoka njiani. Dereva akiuliza, gari lijibu mara moja, na lijibu kweli.

Mwaka 1971 Datsun walileta 240Z kwenye Safari. Edgar Herrmann na mwelekezi wake Hans Schüller walishika nafasi ya kwanza. Nyuma yao, wa pili, alikuwa kijana wa Uganda mwenye miaka 25, Shekhar Mehta, katika 240Z nyingine, na kando yake aliketi mwelekezi Mike Doughty. Jina hilo la Doughty litarudi.

Siku tisini

Mwaka uliofuata Mehta alipoteza nchi.

Mwezi Agosti 1972 Idi Amin, aliyekuwa ameshika madaraka kwa mapinduzi ya Januari 1971, alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke katika siku tisini. Makumi ya maelfu ya watu walifunga virago. Wengi walikuwa wamezaliwa hapo, na baadhi yao wazazi wao pia walizaliwa hapo. Maduka, viwanda, nyumba na mashamba viliachwa. Familia ya Mehta, pamoja na utajiri wake wote, ilikuwa miongoni mwa waliokimbia, na Shekhar akavuka kuingia Kenya.

Sisi wa Katanga hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo. Kuna familia hapa Kambove na Likasi zinazokumbuka miaka ya 1992 na 1993, wakati watu wenye asili ya Kasai walipoambiwa warudi kwao, na wengi walilala wiki nzima kwenye vituo vya treni wakisubiri kupelekwa mahali ambapo watoto wao hawakuwahi kupaona. Mtu huhukumiwa kwa jina lake na kwa sura yake, kama gari linavyohukumiwa kwa bodi, na hakuna anayefungua boneti kuangalia.

Mehta alifika Kenya akiwa na umri wa miaka 27, akiwa na ujuzi wake mikononi. Pasaka ilikuwa imebaki miezi michache.

Pasaka ya 1973

Mwaka 1973 ulikuwa wa kwanza kwa ubingwa wa dunia wa rally, na Safari iliingizwa katika orodha ya mbio zake. Hii ilimaanisha kwamba aliyeshinda barabara za Afrika Mashariki sasa alihesabiwa pamoja na aliyeshinda theluji ya Sweden na milima ya Monte Carlo. Timu kubwa za Ulaya zilikuja na madereva wao.

Mehta alipanda tena Datsun 240Z, safari hii akiwa na mwelekezi Lofty Drews. Mpinzani wake mkubwa hadi mwisho alikuwa Harry Källström, Msweden, naye akiwa katika Datsun ya aina nyingine. Kwa siku zote za mbio walikimbizana, huyu akipoteza dakika huku, yule akizipoteza kule. Walipofika mwisho na hesabu ikafanywa, waamuzi walikuta jambo la nadra: wawili hao walikuwa na pointi za adhabu zilizo sawa kabisa, baada ya maelfu ya kilomita.

Sheria ilikuwa na dawa ya tatizo hilo. Ushindi ulikwenda kwa aliyesafiri mbali zaidi tangu mwanzo kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. Aliyefanya hivyo alikuwa Mehta. Mtu aliyefukuzwa nyumbani kwao miezi michache kabla akawa bingwa wa Safari, na akaupata ushindi wake wa kwanza katika ubingwa wa dunia.

Hapa wabishi wa gereji wangeweza kufunga mjadala na kwenda zao. Gari lilikuwa na milango miwili, pua ndefu, silinda sita, na limeshinda. Kipi kingine kinatakiwa?

Ila maisha ya Mehta hayakuishia hapo.

Magari mazuri yaliyoshindwa

Miaka iliyofuata ilileta Afrika Mashariki magari mazuri sana. Porsche walikuja na 911, gari ambalo mpaka leo likitajwa hakuna anayeuliza kama ni la spoti. Lancia ya Italia ilileta Stratos, gari fupi lenye injini ya Ferrari nyuma ya viti, lililobuniwa tangu karatasi ya kwanza kwa ajili ya rally, na kuuzwa kwa idadi ndogo kwa sababu kanuni zililazimisha gari la mashindano liwe pia linauzwa kwa watu. Mercedes-Benz nao walikuja na SLC, gari pana la milango miwili lenye injini ya silinda nane na lita tano.

Mwaka 1974 Björn Waldegård alikuwa na Porsche 911, akamaliza wa pili. Aliyemshinda alikuwa Joginder Singh wa Kenya katika Mitsubishi Lancer, gari dogo. Mwaka 1975 Stratos mbili zilifika za pili na tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Ove Andersson. Peugeot 504, ndugu msomaji, ndiyo ile ile iliyobeba abiria, mbuzi na magodoro katika nusu ya bara hili. Mwaka 1978 Porsche walirudi na nguvu mpya, na Vic Preston mdogo akawa wa pili. Stratos haikuwahi kushinda Safari. Porsche nayo, katika miaka yote ambayo Safari ilikuwa sehemu ya ubingwa wa dunia, haikuwahi kushinda.

Hayo hayakuwa magari mabaya. Kwenye lami ya Ulaya yaliwaacha wapinzani nyuma. Tatizo ni kwamba gari la kasi likikaa chini sana hukwaruza jiwe, na likiwa gumu mno huvunjwa na mashimo. Fundi akihitaji saa mbili kufikia kipuri kilichofichwa, gari hilo hupoteza mbio zote kwa bolti moja. Barabara ya Safari ilikuwa na sheria zake, nazo hazikusoma majina ya kampuni.

Mehta naye alijifunza kwa maumivu. Baada ya 1973 alipita miaka sita bila kushinda Safari. Katika kipindi hicho aliendelea kushindana huku na huko, na mwaka 1976 alishinda rally ya Cyprus. Wengine wangesema mtu huyu alikuwa na bahati ya Pasaka moja.

Gari la baba wa watoto

Mwaka 1979 alirudi na Datsun 160J, gari ambalo pia liliitwa Violet. Uitazame picha yake: sanduku dogo lenye buti nyuma, vioo vilivyonyooka. Ungeiweka nje ya ofisi ya posta, hakuna ambaye angeipiga picha. Ekseli ya nyuma ilikuwa ya kizamani, bomba moja zima kutoka gurudumu hadi gurudumu. Kwa kipimo cha 240Z, hili lilikuwa gari la kwenda sokoni.

Lakini mafundi walikuwa wameitengeneza kwa kazi moja. Lilikuwa jepesi. Liliinuliwa kutoka chini na kuwekewa kinga ya chuma chini ya injini. Injini yake ya lita mbili haikuwa na mbwembwe, na ekseli ile ya kizamani ilikuwa imara, haikuwa na viungo vingi vya kuvunjika, na ilibadilishwa upesi. Mbele lilikuwa na taa kubwa za kupasua usiku na vyuma vya kuzuia mnyama. Na ndani lilikuwa na watu wawili waliofahamiana: Mehta kwenye usukani, na Mike Doughty, yule yule wa 1971, akiwa na ramani mapajani.

Walishinda. Wa pili alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, katika Mercedes ya lita tano.

Mwaka 1980 Mercedes walirudi wakiwa na kikosi kikubwa. Mehta na Doughty walishinda tena katika 160J, Rauno Aaltonen akawa wa pili katika Datsun nyingine, na Mercedes iliyofika mbele ya nyingine zote ikawa ya tatu. Mwaka 1981 walishinda kwa Violet GT, na Datsun zikachukua nafasi nne za kwanza. Mwaka huo huo Mehta alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa madereva. Mwaka 1982, wakati jina la Datsun likianza kuachwa na gari kuitwa Nissan, walishinda mara ya nne mfululizo. Aliyebaki nyuma yao kwa nafasi moja alikuwa Mjerumani Walter Röhrl, katika Opel Ascona 400, ambaye ndiye aliyekuwa bingwa wa dunia mwisho wa mwaka.

Ushindi mara nne mfululizo, juu ya ule wa 1973, unafanya mara tano. Katika miaka ya ubingwa wa dunia hakuna dereva mwingine aliyefikisha tano kwenye Safari. Waldegård alifikisha nne, Joginder Singh alishinda tatu akihesabu ule wa 1965 alioupata kabla ubingwa wa dunia haujaanzishwa.

Sasa turudi kwenye swali. Je, Violet lilikuwa gari la spoti?

Kwa macho, hapana. Kwa bei, hapana. Lakini ukikumbuka mambo yale yaliyokuwa chini ya bodi ya 240Z, utayakuta humo: uzito mdogo, nguvu inayotosha inayopelekwa nyuma, na gari linalomjibu dereva bila kumdanganya. Violet liliongeza jambo moja ambalo Safari ililidai kuliko yote: kubaki hivyo hivyo kutoka kilomita ya kwanza hadi ya elfu tano. Gari linalojibu vizuri kwa kilomita mia kisha likanyamaza ni toi. La kweli hujibu hata likiwa na matope hadi kwenye vioo, saa tisa za usiku, fundi akiwa mbali.

Mehta alilielewa hilo kuliko wengi. Asiyejua kuhurumia gari hakudumu kwenye Safari, naye alijua lini aachie mafuta kabla ya daraja na lini aendelee kukanyaga. Alichagua mwendo ambao gari lingeuvumilia mpaka Nairobi. Hapo mtu na chuma vilikuwa kitu kimoja, na swali la nani kati yao ni wa spoti likakosa maana.

Jangwani, kisha mezani

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchezo ulibadilika. Audi walileta Quattro, gari lenye kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne na injini ya turbo, na kampuni nyingine zikafuata. Mehta aliendelea na Nissan, mara nyingine akiwa na mke wake Yvonne kama mwelekezi. Ndoa nyingi hazivumilii safari moja ya saa mbili na ramani mbaya. Hawa walimaliza rally pamoja.

Mwaka 1987, akiendesha gari la Peugeot katika mbio za Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya jangwani. Aliponea, lakini maisha yake ya ushindani yaliishia kwenye mchanga huo. Alikuwa na miaka 42.

Wengi wangebaki na vikombe sebuleni. Yeye alihamia upande wa pili wa meza, kwenye utawala wa mchezo, na baadaye akaongoza tume ya shirikisho la kimataifa la magari, FIA, inayosimamia rally za dunia. Kijana aliyekuwa hana nchi mwaka 1972 sasa alikuwa akikaa na wakurugenzi wa kampuni kubwa za magari, akijadili kanuni ambazo wao walitakiwa kuzifuata.

Afya yake haikuwa nzuri katika miaka ya mwisho. Alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na umri wa miaka 60. Ilikuwa wiki ya Pasaka, wiki ambayo kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa wiki yake.

Hakuishi kuiona Safari ikirudi. Mbio hizo ziliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya mwaka 2002, zikarejeshwa mwaka 2021, zikiwa fupi kuliko za zamani na kwenye barabara zilizofungwa kwa ajili ya mashindano. Vumbi na matope ya Naivasha, hata hivyo, bado yanavunja magari ya fedha nyingi.

Kinachobaki Kambove

Leo swali la gari la spoti limepata sura mpya, na sura hiyo inatuhusu moja kwa moja. Kampuni za Ulaya, Marekani na China zinatengeneza magari ya umeme yanayoondoka taa ikiwa kijani kwa nguvu ambayo 240Z isingeiota. Ndani yake kuna nyaya nyingi za shaba, na katika betri za mengi yake kuna kobalti. Madini hayo mawili ndiyo yaliyoupa mji wetu sababu ya kuwapo. Inawezekana kabisa kwamba gari linalobishaniwa kwenye simu ya kijana wa Kambove lina kipande cha ardhi anayoikanyaga.

Kuna watakaosema kwamba gari lisilo na mngurumo si la spoti. Wengine watasema kwamba kasi yake inatosha. Mehta anatupa kipimo kingine, tena kisichohitaji fedha. Lipe gari barabara halisi, yenye mashimo, mvua na ng'ombe. Liangalie linavyomjibu anayeliendesha. Kisha subiri uone kama litafika, na kama kesho asubuhi litawaka.

Kwa kipimo hicho, kwenye gereji zetu kuna magari ambayo wenyewe wameyadharau. Kuna Corolla iliyokunjwa pembe zote mbili ambayo imekwenda Likasi na kurudi mara elfu, dereva wake akijua kila shimo kwa jina. Sitasema ni gari la spoti, vijana wangenicheka. Ila Shekhar Mehta, mwenye ushindi mmoja kwa gari la kupendeza na minne kwa gari la baba wa watoto, nadhani angeomba ufunguo, azunguke nalo kidogo, ndipo atoe hukumu.